Swali la Dirishani

Jumapili, 1 Novemba 1981. Watakatifu Wote.
Mwalimu wa kisomo kasema tukiacha kuandika, herufi zitatutoka kichwani kabla pamba haijachanua. Basi naandika. Mimi ni Justina, wananiita Mama Coletha, wa kijiji cha Itandula. Mume wangu ni Alois. Coletha, binti yetu wa kwanza, ameolewa Bukwangu, ng'ambo ya mbuga, lile bonde linalojaa maji mvua zikikolea, na ana mimba yake ya kwanza. Mumewe Mihayo alikwenda Geita kutafuta dhahabu tangu wakati wa kuchuma pamba, hajarudi. Mvua bado.

Alhamisi, 5 Novemba
Imenyesha. Tumepanda mahindi. Mgongo unaniuma mpaka kisigino.

Jumanne, 10 Novemba
Bwana Gelasius amekuja tena na Land Rover yake. Huyu ni bwana wa mradi wa uzazi, mwembamba, mpole, mwenye swali kwa kila kitu. Ukimpa maji ya kunywa anauliza yamechotwa wapi na nani aliyechota. Mwaka jana alijenga nyumba mbili za kungojea uzazi, moja kwenye zahanati yetu na moja kwenye zahanati ya Bukwangu. Mwanamke akikaribia siku zake akae pale, uchungu umkute karibu na mkunga. Nyumba nzuri, bati juu, saruji chini. Aliyewahi kulala humo ni mbuzi wa mwenyekiti.

Leo alileta ubao. Akaandika umbali, akachora mshale, akaandika kuchelewa, akachora mshale, akaandika kifo. Akasema hiyo ndiyo nadharia. Kabla hujafanya jambo, sema kwanza kwa nini unadhani litasaidia, halafu uangalie kama ulisema kweli. Mzee Bujiku akauliza kama nadharia ina posho. Watu wakacheka, na yeye akacheka, kisha akarudi kwenye mishale yake. Akatuuliza sisi wanawake kwa nini hatuji kwenye ile nyumba. Tukamwambia bati linavuja. Tukamwambia hakuna sufuria. Tukamwambia palizi. Yote kweli, lakini lile lenyewe hakuna aliyelisema. Nani alitaje mbele ya wanaume?

Ijumaa, 20 Novemba
Fundi kaja kuziba bati, hapa na Bukwangu.

Jumatatu, 30 Novemba
Sufuria zimeletwa, pande zote mbili. Mbuzi wa mwenyekiti alikimbia nyundo za fundi. Sasa nyumba haina hata mbuzi.

Jumatano, 9 Desemba. Uhuru, miaka ishirini.
Watoto wa shule wamepiga gwaride kwenye matope. Duka la kijiji lilipata sabuni, ikaisha nikiwa bado kwenye mstari. Nimefua kwa majivu.

Jumamosi, 12 Desemba
Leo nimesema, na sijui kama nimefanya vizuri.

Nilimsindikiza jirani yangu Tereza zahanati, tumbo limeshuka. Tukakaa kwenye benchi na wanawake wengine mpaka zamu yetu. Mkunga wetu ni mtu mwema, ametoka Mbeya, hana dharau. Yuko ndani, wewe uko nje, mnaongea kwa dirisha. Anaandika kadi. Jina. Umri. Mimba ya ngapi. Halafu akauliza kwa sauti ile ya kumfikia hata kiziwi wa mwisho wa benchi, baba wa mtoto ni nani. Benchi zima likainama. Tereza akajifunga khanga vizuri, akachukua mzigo wake, akaondoka. Mimi nyuma yake.

Bwana Gelasius alikuwa uwanjani, amelala chini ya gari lake, miguu tu inaonekana. Akatoka na grisi usoni akauliza mama huyu anakwenda wapi na hali ile. Mimi nilikuwa nimeshachoka. Nimechoka na bati, nimechoka na sufuria, nimechoka na mishale. Nikamwambia.

Nikamwambia huku kwetu swali hilo haliulizwi mchana wala dirishani. Mtoto akikwama, mwanamke amehangaika mpaka macho yamegeuka, ndipo mama wa mume anafunga mlango na kumwambia, taja baba. Wazee wanasema mtoto anakataa kutoka kwa sababu mama ameficha jina. Akitaja jina na mtoto asitoke, wanasema amebakiza lingine. Kwa hiyo ukimuuliza mwenye mimba swali hilo hajaanza hata uchungu, ni kama umemwambia mtoto wako atakwama. Na umemwambia mbele ya watu.

Akakaa pale kwenye ngazi ya gari. Akaniuliza kwa nini sikusema siku ile ya ubao. Nikamwambia mambo ya ndani hayasemwi kwenye mkutano. Akasema, "Kweli. Na mimi niliita mkutano." Hilo lilinipunguzia hasira, kidogo.

Jumatatu, 14 Desemba
Mkutano tena. Mimi nilidhani atafuta swali kwenye kadi, yaishe. Wapi.

Kafuta ubao, kachora upya. Hapa Itandula mkunga hatauliza tena dirishani, ataandika jina la baba baada ya mtoto kuzaliwa. Bukwangu wataendelea kuuliza kama zamani. Bati limezibwa kote, sufuria ziko kote, kwa hiyo baada ya Pasaka atalinganisha aone kama kweli ni swali. Akatukumbusha bwana shamba na mashamba yake mawili ya mfano ya pamba, moja lina samadi, moja halina. Alois akatikisa kichwa kwa kuridhika, maana yeye anapenda sana mambo ya bwana shamba. Nami nilielewa vizuri sana, na kuelewa huko ndiko kulikonipandisha hasira.

Nikasimama. Nikasema, "Bwana Gelasius, pamba haina mama. Mimi binti yangu yuko Bukwangu."

Akanijibu bila ukali. Alidhani ni umbali, akajenga nyumba mbili, akakosea. Sasa akidhani ni swali na akakosea tena, wilaya nzima itafuata kosa lake na wanawake wataendelea kufa huku nyumba ziko wazi. Mwezi wa nne si mbali, akasema. Nikamwambia tumbo la Coletha halisomi kalenda ya mradi. Alois akanivuta khanga nikae.

Ijumaa, 25 Desemba. Noeli.
Misa ndefu, mvua ndefu. Tereza amelala kwenye nyumba ya kungojea na wenzake wawili, wanasukana nywele, wanapika michembe ya viazi vikavu, wanachekana matumbo. Namshukuru Mungu kwa ajili yao na moyo unaniwasha kwa ajili ya wangu.

Jumapili, 27 Desemba
Nimevuka mbuga kwenda Bukwangu, maji ya magoti. Nimerudi na hasira zaidi kuliko nilivyokwenda.

Nimemkuta Coletha akipalilia, tumbo hili hapa, jembe lile pale. Mama mkwe wake ni Mbuke, mjane, mtu wa maneno machache na yote makavu. Nikasalimia mwangaluka, akaitikia, akanipa kigoda, akanipa uji wa mtama. Nikaanza maneno polepole. Nikasema ile nyumba ya zahanati sasa haivuji. Akasema amesikia. Nikasema Coletha ni mwembamba wa nyonga kama mimi, na mimi Coletha alinitesa siku mbili. Akasema amesikia hilo pia. Nikamuuliza basi atampeleka lini. Akasema, "Huyu haendi kwenye dirisha lile." Akainuka akaenda kufunga ndama.

Basi nimejua. Huko kisimani wanawake wa Bukwangu wanahesabu miezi ya Mihayo kwa vidole, Coletha mwenyewe kanieleza akilia. Na Mbuke anayaamini maneno hayo. Anamngoja mwanangu chumbani kwake, mlango umefungwa, amuulize mwenyewe.

Nikaomba nimchukue akajifungulie kwetu. Akakataa. Mtoto wa Mihayo azaliwe kwa Mihayo, mke akikimbilia kwao sasa atakuwa amewapa wale wa kisimani jibu. Kibaya ni kwamba hapo alisema kweli.

Jumatano, 6 Januari 1982
Palizi ya pamba. Magugu yanakua huku unayaangalia.

Jumanne, 12 Januari
Tereza kajifungua mvulana, salama, mkunga alikuwepo. Bwana Gelasius kapita, uso unang'aa kama wa bwana harusi. Nikamfuata tena kumwomba habari ya Bukwangu. Akasema hata yeye halali vizuri. Nikamwambia asiyelala vizuri na mimi nisiyelala kabisa hatulingani, na yeye akipenda achore mshale hapo katikati. Hakucheka. Akasema akibadili leo hatajua lolote. Akasema mkunga wa Bukwangu, Paskalia, ni hodari, Coletha apelekwe tu, avumilie hilo swali moja. Avumilie. Mwanamume huyu amesoma mpaka ng'ambo.

Jumapili, 24 Januari
Mbuga imejaa. Mchimbaji mmoja aliyepita kutoka Geita anasema Mihayo yuko hai, anafuata mwamba, akiupata atarudi. Nikamwambia amwambie mwamba wake uko hapa, una miguu imevimba. Naye akaitikia ndiyo mama, akaomba maji, akaenda zake.

Alois anasema najisumbua bure. Najua najisumbua. Nifanye nini kingine?

Jumatano, 3 Februari
Ujumbe umekuja na mtu wa mnada, Coletha anaumwa kichwa, uso umejaa. Kesho navuka.

Jumamosi, 6 Februari. Bukwangu.
Nilivuka maji ya kifua, mzigo kichwani, Alois mbele yangu na fimbo akipima shimo. Alinifikisha, akarudi kwa ng'ombe.

Jana mvua ilitufungia barazani mimi na Mbuke, Coletha amelala ndani. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nikamwambia wazi kwamba najua anachokingoja, na mwanangu hatafungiwa mlango na mtu.

Mzee akaniangalia kama mtu asiyeelewa lugha. Kisha akaanza kusema, kwa Kisukuma, taratibu, akichambua mbegu za maboga, wala hakuziacha.

Alisema mtoto wake wa kwanza alikwama. Mama mkwe wake akafunga mlango akamwambia taja. Hakuwa na wa kumtaja. Wakamwambia unaficha, mtoto atakufa ndani kwa ukaidi wako. Ikafika saa ambayo angetaja hata jina la mti. Akataja binamu wa mumewe, kijana aliyekuwa akimsaidia kuchota maji, hakuwa na kosa lolote. Mtoto akatoka amekufa. Yule kijana alihama usiku uleule, na mume wa Mbuke hakulitaja jina hilo tena mpaka alipozikwa, ila kila alipolewa alimwangalia mkewe tu.

Akaniita mama kwa Kisukuma, akasema, "Mayu, mimi simpeleki kwenye dirisha kwa sababu pale wanauliza. Na nyumbani kwangu hakuna atakayemuuliza. Nimewakataza dada zangu wote. Nilifikiri hiyo inatosha."

Miezi yote nimemchukia mtu aliyekuwa amesimama mlangoni akimkinga mwanangu. Nikachukua mbegu za maboga nikaanza kuchambua upande wangu.

Halafu nikamwambia haitoshi. Kutokuulizwa hakufungui nyonga. Nikamweleza habari ya Tereza na wenzake, jinsi wanavyochekana matumbo. Akasikiliza. Akasema lakini dirisha bado liko palepale. Nikasema ndiyo, bwana wa mishale amekataa kuliondoa mpaka Pasaka. Akatukana, tusi moja fupi la wachunga ng'ombe, siliandiki.

Jumatatu, 8 Februari
Tulikwenda zahanati sote watatu. Mbuke hakuniambia amefikiri nini. Alivaa khanga yake nzuri na viatu vya raba vya marehemu mumewe.

Benchi limejaa. Wale wa kisimani wapo. Zamu ya Coletha, Paskalia akaandika jina, akaandika umri, mimba ya kwanza. Mwanangu ameshika tumbo kwa mikono miwili kama anayezuia kitu kisianguke. Paskalia akauliza, baba wa mtoto ni nani.

Mbuke akamsogeza Coletha kwa bega, akaweka viwiko viwili dirishani.

"Baba yake ni Mihayo, mwanangu wa tumboni. Mwenye kuuliza hilo swali kwa desturi yetu ni mimi, na mimi nimeshajibu. Andika."

Paskalia akaandika. Kwake ilikuwa ni kadi tu, wala hakuinua macho. Lakini benchi zima lilielewa. Maana mama wa mume akishajibu hadharani, hakuna mtu duniani mwenye haki ya kuuliza tena. Mlango umefungwa kwa nje. Mwanamke mmoja wa kisimani akakunja vidole vyake vyote akavificha kwapani.

Paskalia alipompima Coletha shinikizo la damu, uso ukabadilika. Akasema huyu harudi nyumbani hata kuchukua nguo. Analala hapa.

Jumanne, 9 Februari
Mvua. Coletha na Mbuke wamelala nyumba ya kungojea, mimi pia. Nyumba yote yetu. Mbuke analalamika saruji ni baridi.

Jumamosi, 13 Februari. Hospitali ya misheni.
Nitaandika, maana nikiacha sitaamini.

Uchungu ulianza alfajiri ya jana. Mpaka jua linapanda mtoto hajasogea. Paskalia akapima, akapima tena, akasema njia ni nyembamba, huyu anataka daktari wa upasuaji, na sasa hivi. Kwa sababu tulikuwa hapohapo, mwenyekiti wa Bukwangu aliitwa kabla hajatoka nyumbani, na trekta la kijiji lilikuwa bado halijakwenda shamba. Tukampandisha kwenye tela, magodoro chini, Paskalia upande mmoja, sisi mama wawili upande mwingine. Matope yanaruka mpaka machoni. Kila shimo la barabara nililisikia kwenye mifupa ya mwanangu.

Katikati ya njia Coletha akaanza kuhangaika. Akamshika Mbuke khanga ya kifuani. Akasema, "Mama, nitaje jina? Niambie nitaje la nani. Nitataja lolote."

Hakuna aliyemuuliza. Mkunga hakuuliza, mimi sikuuliza. Lilikuwa limo ndani yake mwenyewe, amelisikia tangu utoto, sisi ndio tuliomlisha. Namwambia Mungu ukweli, kwa muda mfupi hata mimi nilifikiri, akitaja je, si atapona?

Mbuke akamfunika mdomo kwa kiganja, kama unavyomfunika mtoto asimeze nzi.

"Hutaji mtu. Nyonga zimebana, basi. Mimi nilitaja na wangu akafa. Pumua, mwanangu. Pumua na mimi."

Wakapumua. Dereva wa trekta akaanza kulia, jitu zima, akaendelea kuendesha.

Wamempasua saa za mchana. Msichana. Mdogo, mwekundu, ana hasira za watu wote wa kwetu. Coletha yu hai. Mbuke kamwita Limi, yaani jua, maana jua lilitoka. Mimi nimekaa chini kwenye ukumbi, nimekataa benchi, nataka nisikie sakafu.

Jumatano, 24 Februari. Majivu.
Coletha anakaa mwenyewe. Pamba yangu huko nyumbani imemezwa na magugu, Alois kaandika kwa mkono wa mwalimu. Ajilimie.

Jumapili, 14 Machi
Tumerudi Bukwangu. Mihayo amekuja, mikono mitupu, amekonda. Kamshika mtoto kama anayeshika yai. Mamake hakumsema neno. Mimi nilimsema ya wote wawili.

Jumatatu, 12 Aprili. Jumatatu ya Pasaka.
Nilikuja Bukwangu kula sikukuu na mjukuu, bwana Gelasius naye akaja na ubao wake kuhesabu. Akafika zahanati akakuta nyumba ya kungojea imejaa mpaka wengine wanalala barazani. Itandula imejaa, Bukwangu imejaa, na Bukwangu swali bado linaulizwa dirishani kila siku. Alifikiri Paskalia amemsaliti kaacha kuuliza. Paskalia akaapa. Wakakaa wote wawili kwenye benchi kutazama, na wakaona. Kila mwenye mimba anakuja na mama mkwe wake, na mama mkwe ndiye anayeweka viwiko dirishani. Asiye na mama mkwe anaazima wa jirani.

Akaja hapa nyumbani kwa Mbuke amechoka kama aliyelima. Akaniambia, "Mama Coletha, shamba langu lisilo na samadi limekwisha." Nikamwambia pole, na kweli nilimwonea huruma, tangu asubuhi hajala. Nikampa ugali na mlenda. Akala, huku anasema peke yake kwamba basi si swali, ni nani analijibu, au ni vyote viwili, au ni hofu ya kitu ambacho swali linakigusa tu, na sasa atajuaje. Nikaona mtu huyu hatanii. Anataka kweli kujua, na kutojua kunamuuma kama jino. Mwanzo nilidhani anafanya kazi ya kuulizauliza kwa sababu hajali. Anajali, ila mwendo wake na mwendo wa tumbo ni tofauti, na hilo bado linanikera na litaendelea kunikera.

Akamgeukia Mbuke, aliyekuwa sakafuni akimwogesha Limi kwenye karai. Akamuuliza kwa heshima, shikamoo kwanza, kwamba siku ile ya dirisha alijuaje kuwa akijibu yeye itasaidia.

"Sikujua," Mbuke akasema. "Niliogopa."

Basi bwana Gelasius akatoa ubao kwenye gari, akausimamisha mlangoni, akachora duara na mishale yake ya kawaida, kisha akasimama na chaki mkononi. Akauliza, sijui alimuuliza nani, hofu aiweke wapi, mwanzo au katikati.

Mbuke akamwinua mtoto akitiririka maji. "Iweke unapopenda, baba," akasema, "ila toka mlangoni. Unanizibia mwanga, simwoni kitovu."